Macho ya Mama Atieno

Nilipokuwa mtoto, katika laini za nyumba za wachumaji chai upande wa Bomet, tulikula mlango umefungwa. Sisi ni watu wa ziwani, na kwetu huogopwa sihoho, yaani jicho la mtu anayekutazama ukila mpaka chakula kikukwame kifuani. Jirani yetu, Mama Atieno, alisemwa kuwa nalo.

Baba alikuwa amefariki kwa ugonjwa wa moyo. Miezi michache baadaye Mama akaanza kushika kifua na kuyumba akiwa kazini. Mimi na dada yangu tulijua anamfuata Baba. Hatukulia. Tulikaa tu, tukisikiliza anavyopumua.

Nyanya, mamake Baba, alifika kutoka nyumbani ziwani akauliza swali moja.

"Nani hukuangalia ukikula?"

Mama akasema, "Mama Atieno. Kila saa ya lunch, macho yake iko kwa sahani yangu."

Ikatosha. Akaitwa mwanamke mmoja mtaalamu wa kutoa sihoho, akamchanja Mama kifuani kwa wembe, akasugua, akatuonyesha punje za mahindi alizosema amezitoa. Niliziona kwa macho yangu, na mpaka leo sijui niliona nini. Mama akapata nafuu kidogo. Laini nzima ikaacha kumsalimia Mama Atieno, wala hakuna aliyekubali kuchuma kando yake. Mwisho wa mwezi akafunga virago. Alipita mbele ya mlango wetu na godoro kichwani.

Haukupita muda, Mama akaanguka shambani, akapelekwa hospitali kule Longisa. Nyanya alinichukua tukaenda naye. Walimpima moyo, wakampima damu.

"Moyo yako iko sawa, mama," daktari alisema.

"Sasa mbona inauma?"

"Damu yako iko chini, hiyo ndio inaleta kizunguzungu. Asidi nayo inapanda kutoka tumbo inachoma kifua. Na mawazo ya msiba pia hubana. Unakulanga?"

"Nakunywa chai ya strungi."

"Na chakula?"

Mama alitazama sakafu. "Nabebea watoto."

Ile githeri, mahindi na maharagwe, tuliyokula kila jioni nyuma ya mlango uliofungwa ilikuwa lunch yake ya kazini.

Alipewa dawa, akaamriwa kula, akapona polepole. Nikikumbuka haya sasa, sioni hasira wala huzuni. Ni kama mkono uliolaliwa, najua ni wangu lakini hauhisi kitu.

Majuzi nilimuuliza Mama kuhusu yule jirani. Alikuwa akichambua mboga, hakuinua uso.

"Aliniuliza mara moja, 'Mama Odhiambo, mbona unafunika hiyo chakula?' Nikamwambia nimeshiba. Hakuniamini. Akakuwa ananiangalia tu."

Katika laini nzima, ni yeye peke yake aliyeona kwamba Mama hali chakula, na sisi tulimfukuza kwa sababu aliona.