Pale Mfupa wa Pua Unapoishia

Farasi wetu alikuja na hatamu iliyofumuliwa, mikanda mitupu ndani ya gunia. Mzungu mmoja wa upande wa Timau alikuwa anahama na kumuuza, punda wa Baba alikuwa amekufa, na Baba, mchinjaji wa Majengo pale Meru, alihitaji mnyama wa kuvuta kigari cha nyama hadi soko la Kanyakine. Akaimwaga mikanda uani, akaiunga kwa akili aliyokuwa nayo, nayo ilikuwa akili ya ng'ombe. Fahali hushikwa pua. Basi mkanda wa pua akaufunga chini kabisa, karibu na mianzi, akaukaza. Lijamu, kile chuma cha mdomoni, akakiacha kining'inie jirani na meno ya mbele, "ili akisikie vizuri."

Alikisikia. Kila Baba alipovuta vigwe kumsimamisha, farasi alitupa kichwa juu, akatoa macho, akazidi kukimbia.

Wakati mwingine wowote majirani wangecheka, yakaisha. Lakini ilikuwa Hali ya Hatari ya serikali ya kikoloni, na barabara ya Kanyakine ilikuwa na kizuizi: gogo, na homgadi, wale walinzi wa vijijini wa serikali, wenye bunduki. Ukifika unasimama, unaonyesha pasi, unapita. Siku ya kwanza ya soko, farasi wetu hakusimama mpaka kifua chake kilipogonga gogo. Homgadi mmoja, mteja wa maini, alishusha bunduki polepole.

"Mzee wa nyama, leo nimeona ni wewe. Siku ingine kukiwa na mtu hakujui, atapiga kwanza. Hiyo farasi yako ifundishe kusikia."

Baba alirudi nyumbani akakaza mkanda zaidi.

Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na minane, nimetoka shule ya bweni na Kiingereza kingi kisichoweza kuvuta kigari. Nikatangaza, kwa sauti ya mtu aliyesoma, kwamba farasi huchukia ladha ya chuma, nikakipaka asali. Farasi akairamba yote, nzi wakaja, na Baba alipovuta vigwe mambo yakawa yale yale.

"Mmempa kitafunio," Mama akasema. "Bado chai."

Kisha akamgeukia Baba. "Muuze huyu, baba watoto. Watakurudisha kwangu umelala kwenye kigari chako mwenyewe."

"Nikimuuza nitabeba nyama kichwani? Keshokutwa ni soko. Nitaenda."

"Basi na mimi nitapanda," nikasema.

"We? Ukafanye nini?"

"Akikataa kusimama, nitapiga kelele wajue sisi ni nani."

Baba alinitazama kama anavyotazama mteja anayeomba steki kwa bei ya matumbo. Lakini hakusema hapana.

Nyumbani kwa mchinjaji nyama nzuri huuzwa. Wenyewe tulikula vichwa. Ulimi ulikuwa wa Baba. Mifupa ya uso na taya ilikuwa yangu, kwa sababu nilikuwa na subira ya kuchokonoa. Mchana ule nilikuwa na kichwa cha mbuzi kwenye sahani, na kwa mara ya kwanza nikakitazama badala ya kukinyonya tu. Mfupa wa pua ulishuka kama paa la nyumba, halafu ukaisha kwa ncha, mbali na mahali pua yenyewe inapoishia. Mbele ya ncha ile hapakuwa na kitu. Mbuzi alipokuwa hai palikuwa na nyama laini na pumzi. Na kwenye taya, kati ya meno ya mbele na magego, palikuwa na pengo lisilo na jino hata moja.

Nikatoka mbio na fuvu langu lenye mchuzi hadi kwa farasi. Nikashusha kidole juu ya pua yake: mfupa, mfupa, kisha laini. Mkanda wa Baba ulikuwa umekaa kwenye laini. Nikaziba mianzi yake kwa viganja kidogo tu. Mbwa angefungua mdomo apumue. Huyu hakufungua, kumbe farasi hupumua kwa pua tu; alirudi nyuma kwa hofu, macho yale yale ya barabarani.

"Baba! Unamnyonga!"

"Nimechinja kabla hujazaliwa, usinifundishe vichwa."

"Vya ng'ombe, Baba."

Akaweka kidole chake mwenyewe, akashuka nacho, akafika pale mfupa unapoishia, akakiacha hapo kwa muda.

Tulifanya kazi mpaka alasiri. Mkanda wa pua tukaupandisha juu ya mfupa, lakini chini ya ule mfupa wa shavu uliochomoza, usije ukamchuna. Chuma tukakiinua kikakaa kwenye pengo, pembe za midomo zikakunjika kidogo. Mkanda wa paji la uso ulikuwa mfupi, ukivuta mashina ya masikio. Baba akakata kipande cha mshipi wake mwenyewe kuuongeza, akashinda siku mbili akishikilia suruali. Miaka baadaye chuo kikuu kilinifundisha majina ya Kilatini ya mifupa hiyo, nami nikafaulu vizuri. Hakuna aliyeniuliza ladha yake.

Siku ya soko nilipanda. Kwenye kizuizi alikuwepo homgadi tusiyemjua, bunduki tayari begani. Nilifungua mdomo nipige kelele. Baba akavuta vigwe kwa vidole, si kwa mabega. Farasi akainamisha kichwa, akatafuna chuma chake, akasimama kabla ya gogo kama mtu aliyefika kwake.

"Pasi," homgadi akasema. Akaisoma. "Na huyu?"

"Binti yangu."

"Kazi yake?"

"Kusimamisha farasi," Baba akasema, nami nikatoa pasi yangu.

"Farasi imesimama. Pasi yake ni ya mjini tu. Ashuke, arudi."

Nikashuka. Baba alinitazama, akagusa paji lake la uso kama anayenipigia saluti, akaenda. Nilirudi Majengo kwa miguu, nimefukuzwa kazi kwa sababu nilifaulu. Jioni, kabla ya saa ya amri ya kutotoka nje, nilisikia magurudumu uchochoroni. Mama aliacha kukuna nazi.

"Hoo," Baba akasema, kwa sauti ndogo, na magurudumu yakanyamaza.