Pale Bibi Alipopiga Magoti

Siku hizi nikibeba kamera mabega yananiuma kabla hata sijatoka nyumbani. Si uzito wake. Ni kwamba kila mtaa mkongwe nikimaliza kuupiga picha unabomolewa, na watu wameanza kuniangalia kama mleta mkosi. Kazi yenyewe nilijitwisha mwenyewe: nyumba za tope, mazizi na nyua za minyaa zilizobaki ndani ya mji wa Bariadi, nizipige kabla hazijapisha stendi na maduka.

Mtaa wa mwisho ulikuwa umeshawekwa alama za X nyekundu. Wathamini walinitangulia, wakamsimamisha kila mwenye nyumba mlangoni na kibao cha namba kifuani, kwa ajili ya fidia. Basi nami nilipotokea, watu walikimbilia milangoni wakakaza shingo. Mzee mmoja aliyekosa kibao alishika mfuniko wa sufuria. Nikamwambia mimi si mtu wa serikali, napiga za kumbukumbu tu.

"Piga hivyo hivyo," akanijibu, "huwezi kujua."

Nilikuwa nimechoka, lakini nilicheka.

Bibi mmoja hakukimbilia mlangoni. Alinishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba, kwenye zizi lisilo na ng'ombe tena, akanionyesha mawe machache yaliyozama kwenye samadi kavu. Mume wake alizikwa hapo, zizini, kama Wasukuma wa zamani walivyomzika mwenye kaya. Wathamini, wageni kutoka mikoa ya mbali, walitafuta saruji na msalaba, hawakuviona, wakapita. Kaburi lisiloandikwa halihamishwi. Naye alitaka mzee wake ahamishwe, waende wote Sapiwi kwa binti yao.

"Nipigie hili, mwanangu. Wakalione."

Nilipiga. Kwenye kioo cha kamera yalionekana mawe na samadi, basi. Nikamwonyesha, akatazama kwa muda. Kisha akasogea, akakusanya kanga yake, akapiga magoti mbele ya yale mawe na kuinamisha kichwa, kama alivyomsalimu mumewe miaka yote ya ndoa yao. Jua lilikuwa limeshageuka, kwa hiyo akatoa salamu ya mchana.

"Mwadila, baba."

Nikapiga tena. Kwa macho yangu mimi, sasa pale chini palikuwa na mtu.

Picha hiyo niliipeleka mwenyewe kwenye ofisi ya wathamini. Ofisa aliikuza, akaipunguza.

"Huyu bibi anasali?"

"Anamsalimu mumewe."

"Mume yuko wapi?"

Nilieleza mpaka koo likanikauka. Akasema, kwa upole kabisa, kwamba atalifikisha suala hilo kwa wakubwa. Sijui lilifika wapi. Katapila lilifika kwanza.

Mvua zilipokwisha, bibi alikuja kutoka Sapiwi, akaniomba nimwonyeshe mahali, kwa kuwa picha ninayo. Ninayo kweli, hata kwenye simu. Tulisimama katikati ya uwanja wa moramu iliyoshindiliwa, mwekundu, mtupu. Kwenye picha, nyuma yake kuna ua wa minyaa na ukuta wa jirani. Vyote havipo. Nikapima kwa macho kutoka barabarani, nikasogea kushoto, nikarudi. Nilikuwa na hasira, na sikuwa na wa kumkasirikia.

"Labda hapa," nikasema. "Au pale."

Bibi aligeuka huku na huku, kanga ameikusanya tayari kwa kupiga magoti, ila hakujua aelekee wapi. Mwishowe akaiachia.

"Mwadila, baba," alisema, amesimama.