Mzaha wangu wa jini umemfuata mdogo wangu chuoni

Assalam alaikum nyote, na wengine hamjambo. Admin nifichie jina, maana nikijulikana ufuoni nitachekwa mpaka nihame. Nina miaka thelathini na mbili, mtu wa Kwale, nauza miwani ya jua na vikoi kwa wageni pale Diani. Shule niliishia darasa la tano, la sita tulipishana mlangoni. Kazi yangu hasa ni kuchekesha. Mgeni akicheka ananunua. Asipocheka namtolea Kijerumani changu ambacho hata Wajerumani hawakijui.

Nimesoma nasaha mlizowapa watoto wanaoanza mwaka wa kwanza chuo kikuu. Wasifuate pombe, wasikose darasani, wachague marafiki. Nzuri zote. Lakini hakuna aliyegusa hili lililotukuta sisi.

Mdogo wangu ndiye wa kwanza kwetu kuingia chuo. Amepelekwa bara, mbali, kwenye baridi. Kabla ya kuondoka mama alimsomeshea dua, na ustadh mmoja wa kijijini Waa akamwandikia kombe. Kwa wasiojua, aya za Qurani zinaandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zinaoshwa kwa maji na marashi, mtoto anakunywa apate ufahamu na salama. Sisi tumekunywa tangu madrasa. Langu nadhani walizidisha maji. Lake lililobaki mama alilitia kwenye chupa ya soda, akamwambia, "Baba, kila Ijumaa funda moja."

Chumbani kwao wako wanne. Wenzake watatu ni watu wa bara, vijana wazuri tu. Mmoja akaiona chupa, maji ya manjano yananukia. "Buda, hii ni nini?" Mdogo wangu hajui kudanganya. "Ni kombe." "Kombe gani, la dunia?" Wakacheka, yakaisha.

Jioni moja nikampigia, akaweka simu kwenye spika, maana wenzake wanapenda maneno yangu. Akanishitakia kwamba mwenzake wa kitanda cha juu anammalizia sukari. Nikasema, "Mwambie akiigusa tena namtumia jini letu la kule nyika ya Taru. Jeusi, linapenda chai, na nauli halilipi." Chumba kizima kicheko. Huyo wa kitanda cha juu mwenyewe akanijibu, "Bro, lije na mahamri." Nikalala nimefurahi, najiona na mie nina marafiki chuo kikuu.

Wiki haikuisha, yule kijana akashikwa na homa. Zahanati wakasema ni homa ya matumbo, wakampa dawa. Lakini homa ilipopanda akawa anaweweseka, analia kwamba kuna kitu cheusi kimekaa mlangoni. Wenzake wakaikumbuka chupa. Wakanikumbuka na mie.

Mdogo wangu akaogopa, akataka kuiondoa ile chupa. Sasa maji yenye maneno ya Mwenyezi Mungu humwagi chooni. Unamwaga pahala pasafi, kwenye shina la mti, na bismillahi yako. Ndivyo tulivyolelewa, na ndivyo alivyofanya, nyuma ya hosteli baada ya swala ya alfajiri. Mtu akamwona ameinama mtini, midomo inacheza, anamwaga maji ya manjano. Angemwaga kwenye sinki kama mtu asiye na adabu, leo angekuwa salama.

Kufika saa ya chai hosteli nzima ina habari. Wenzake wakabeba magodoro wakahamia kwa rafiki zao. Akikaa mezani kula, watu wanainuka. Mlangoni wameandika MCHAWI kwa makaa. Nikamwambia aende kwa msimamizi wa hosteli. "Nimeenda, kaka. Ameniuliza kama naweza kumtumia jini mama mkwe wake pia." Yule alikuwa anatania. Mie ndiye najua utani huo unaishia wapi.

Maana neno hilo la mlangoni silijui kwa kuhadithiwa. Huku kwetu nimeona nyumba ya mzee ikitiwa moto kwa neno hilo, mwenyewe yumo ndani, na waliowasha ni watu waliokuwa wakimwamkia shikamoo kila siku. Mtoto wetu kule hana hata mjomba.

Nikamweleza mwenzangu wa ufuoni, akajishika mbavu. "Wewe bwana, hata jini umeanza kuliuza?" Nikamwapia wallahi, akazidi kucheka. Mama sijamwambia, ana presha. Nilitaka kuwatumia wale vijana sauti yangu niwaombe radhi, mdogo wangu akakataa. "Kaka, wakiisikia tu sauti yako watakimbia."

Jana amenipigia, anaongea chini chini. "Ndugu zake mgonjwa wanakuja Jumamosi kumchukua. Wamesema wanataka kuniona."

"Kukuona vipi?"

"Hawakusema." Kisha akaongeza, "Kaka, usicheke."

Sikuwa nacheka. Nilikuwa nimekaa mchangani na miwani yangu yote shingoni.

Nikimwita nyumbani, watasema amekimbia kwa kuwa ni kweli, na chuo ndiyo basi tena. Mama amekiombea chuo hicho miaka. Nikienda mie, mtu mzima wa Pwani na kofia yangu, watasema mganga mwenyewe ameshuka. Nikinyamaza, Jumamosi inafika, naye yuko peke yake kwenye chumba cha vitanda vinne.

Ndugu zangu, hasa nyinyi wa bara mliosoma hivyo vyuo. Mngekuwa nyinyi ndio ndugu wa yule mgonjwa, mngetaka kusikia neno gani, na litoke kwa nani? Nifundisheni, mie wa darasa la tano. Leo Alhamisi, na basi la kwenda huko linaondoka kesho jioni. Nipande, au nimwambie atoke sasa hivi?