Gari la Jarkko Mbele ya Watu Waliolipa

Ensio Nevanperä wa kijiji cha Pihlajakangas alikuwa na kipaji kimoja ambacho hata waliomchukia walimkubalia: kubisha. Ukimwambia leo Jumanne, atakuuliza umejuaje. Miaka arobaini alipasua mbao kwenye kiwanda cha kijiji, na miaka hiyohiyo arobaini alikimbiza magari mabovu kwenye shimo la zamani la kokoto nyuma ya msitu. Alivunjika mbavu mara tatu na pua mara moja, na kila mara alikuwa na maelezo marefu ya kwa nini kosa halikuwa lake.

Mbio zetu hizi ni za mafundi wa bomba, wakulima wa viazi na wauguzi, si za matajiri. Na ili tajiri asije akajitia ujanja wa kumwaga fedha kwenye injini, kuna sheria moja: gari likishaingia uwanjani, linauzika. Mbio za mwisho zikiisha, mtu yeyote mwenye leseni ana nusu saa ya kupeleka karatasi ofisini, aseme nalitaka gari namba fulani, kwa bei moja ya nchi nzima, ndogo ya kuchekesha. Mwenye gari akikataa kuuza, leseni hana tena. Wanaolitaka wakiwa wengi, karatasi zao zinatiwa kwenye kofia ya chuma na inachomolewa moja. Mwenyewe haruhusiwi kutia yake, ila rafiki zake wanaruhusiwa. Kwa hiyo huku kwetu ukimpenda jirani unalitilia karatasi gari lake, na likikuangukia unamrudishia. Hatuna namna nyingine ya kuonyeshana mapenzi, na hiyo inatosha.

Mambo yalianza Februari, kwenye mkutano wa klabu. Marjut, mwenyekiti, alisema watazamaji uwanjani wanapungua kila mwaka, basi waweke kamera juu ya mnara wa waamuzi, wauze tiketi mtandaoni, yuro tisa. Ensio alisimama kabla hajamaliza. Akauliza ni mwendawazimu gani atakayetoa yuro tisa kutazama vumbi kwenye simu. Vumbi la kwenye simu haliingii machoni, akasema, na soseji ya kwenye simu haina haradali. Watu wakacheka, naye akichekewa huwa hajui kuacha.

"Akilipa hata mmoja," akasema, "msiniite tena Ensio."

Alirudi nyumbani kifua mbele akamsimulia mkewe. Kyllikki alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha, mrija wa mashine ya oksijeni puani. Miaka thelathini alichoma soseji kwenye kibanda cha uwanjani, mpaka mapafu yalipomgomea. Sasa dunia yake ilikuwa urefu wa mrija ule, mita kumi na mbili, kutoka kitandani mpaka jikoni, na mlango wa nje haukufikika. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Sasa tukuite nani, mzee wangu?" akamuuliza. "Maana mmoja umeshampata. Mimi nalipa."

Julai ilipofika, tiketi zilizouzwa zilikuwa kumi na nne. Marjut alikuja kwa Nevanperä, akavua viatu mlangoni, akakaa jikoni akizungusha kikombe cha kahawa asichokunywa. Ensio alikuwa tayari ameanza kufurahi. Ndipo Marjut akasema kwamba watu wanaandika wakiuliza jambo moja tu: gari la Jarkko litakimbia?

Jarkko alikuwa mtoto wao wa pekee. Mkoa mzima ulimjua kwa kigari chake kidogo cha buluu, cha mwaka themanini na tatu, kilichoingia kona kikiwa ubavu mbele kama mtu anayepita mlango mwembamba na gunia. Barafu ya ziwa ilimdanganya mwezi wa Machi, ikapasuka akazama, sasa mwaka wa pili. Tangu siku hiyo gari lilikuwa bandani chini ya turubai, na Ensio aliingia humo kila Jumapili kuzungusha injini kwa mkono isishike kutu. Alidhani mkewe hajui.

Marjut aliona haya kulisema, lakini akalisema: kwa gari lile watu watalipa. Ensio hakumfukuza. Alimmiminia kahawa ya pili, akamkatia mkate wa iliki, akamwambia hapana, akamsindikiza mpaka getini. Aliporudi, Kyllikki alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, mrija umemnyooka nyuma mpaka mwisho.

"Nataka kuliona likizunguka," akasema. "Mara moja."

"Watalinunua."

"Nani? Urpo? Urpo hawezi kununua hata soksi."

Usiseme Ensio hakufikiri. Alifikiri wiki nzima. Alihesabu kijiji kwa vidole: Urpo jirani, ndugu wawili wa karakana, mwalimu wa hesabu, mpaka wakafika kumi na mmoja wenye leseni, wote watu wa kutia karatasi kwa ajili yake. Akikosea njia mgeni mmoja, ataweza kweli kuwashinda kumi na mmoja kwenye kofia? Na mgeni atoke wapi? Shimo letu haliko hata kwenye ramani ya watalii. Hesabu ilikuwa safi kabisa, isipokuwa aliwahesabu watu wa uwanjani peke yao, kama alivyozoea maisha yake yote.

Mbio zilikuwa mwishoni mwa Agosti, Jumamosi mchujo, Jumapili fainali. Alipoondoa turubai Urpo alikuwepo, na Urpo, ambaye mdomo wake haujawahi kupata likizo, akavua kofia akanyamaza. Halafu akasema mzee wa miaka sitini na saba kwenye gari lile atafanana na gunia la viazi, na wote wawili wakapumua.

Jumamosi asubuhi tiketi zilikuwa mia tatu na kumi na mbili. Marjut aliipeleka habari hiyo kwa Ensio akikimbia. Akajibu kwamba hao ni ndugu zake Marjut. Mbio ya kwanza alikuwa wa mwisho. Alipoegesha, simu ikalia.

"Kona ya pili unakanyaga breki mapema," Kyllikki akasema. Alikuwa akihema, lakini kulikuwa na kitu kwenye sauti ambacho Ensio hakukisikia tangu Krismasi. "Jarkko alikuwa anasubiri mpaka usawa wa msonobari uliokatwa."

"Unaona mpaka kisiki?"

"Naona mpaka kipara chako."

Mbio ya pili alisubiri mpaka usawa wa kisiki, akawa wa tatu. Ya tatu akawa wa pili, akaingia fainali. Aliposhuka alikuwa na furaha aliyoionea aibu.

Jumapili fainali alimaliza wa nne. Hakuna aliyemjali wa kwanza. Watu walimpigia Ensio makofi, wengine wakipiga mabati ya ua kwa ngumi, na gari la buluu likarudi polepole likiwa na matope mpaka kwenye kioo. Nusu saa ya karatasi ikaanza. Mmoja mmoja wale kumi na mmoja wakaenda ofisini. Ensio alijifanya anakagua tairi.

Zikiwa zimebaki dakika sita, msichana mmoja akaingia getini karibu mbio, jaketi limefungwa kiunoni, leseni mkononi. Jina lake Oona, wa Kajaani, mji wa mbali, miaka ishirini na mbili. Alikuwa amelipa yuro zake tisa Jumamosi, yeye na baba yake wakatazama mezani jikoni, na baba akamwambia gari la kuanzia ni lile la buluu. Akaamka alfajiri akaendesha njia yote hiyo. Kuhusu Jarkko hakujua chochote. Kamera haikuwa na mtangazaji. Ilionyesha gari tu, na gari lilikuwa zuri.

Karatasi kumi na mbili zikatiwa kwenye kofia. Marjut alikoroga muda mrefu kuliko kawaida, watu wakiwa wamesimama duara chini ya mnara. Akachomoa, akafungua, akaikunja tena. Ilibidi Urpo amnyang'anye karatasi ndipo jina lisomwe.

Oona aliruka mara moja, halafu akaona kwamba ameruka peke yake.

"Wewe binti," Urpo akamwendea, "unajua gari hilo la nani?"

Akamwambia. Akamwambia yote, ziwa, barafu, banda, mama aliye nyumbani na mashine. Uso wa msichana ukawa mweupe kama unga. Akasema basi halitaki, wamrudishie mzee, yeye hakujua, baba yake naye hakujua. Wale kumi na mmoja wakamgeukia Ensio, kila uso ukimwambia kubali, kubali haraka.

Alichokuwa nacho kichwani Ensio wakati huo ni kijana wa miaka kumi na tisa mwenye chunusi, amesimama hapohapo chini ya mnara, karatasi yake imetoka kwenye kofia. Jarkko naye gari lile alilipata hivyo. Mwenye gari alikuwa mchomea vyuma mmoja kutoka kusini, mtu mzima, na machozi yalimtoka mbele za watu. Kisha akampa Jarkko funguo. Siku ile Ensio alicheka. Alimwita mchomea vyuma mama mkwe wa kulialia. Hakujua kama ni yeye tu aliyekumbuka sasa, au walikumbuka wote na wakamsitiri.

"Umelipata kwa haki," akamwambia Oona. "Lichukue."

"Mzee, mimi siwezi."

"Utaweza. Sikiliza. Gia ya tatu inaruka ukitoka kona. Usijaribu kuitengeneza, tumejaribu sana. Mwanangu alikuwa anaishikilia kwa goti, hivi."

Akajipinda hapo chini, mikono kwenye usukani usiokuwepo, akaonyesha. Msichana naye akapinda goti lake akaiga, huku analia. Kisha wakalisukuma gari kwenye tela la Oona wote pamoja, na Ensio ndiye aliyefunga mikanda, akaivuta kila mmoja mara mbili.

Watu wakaondoka. Urpo alitaka kumsindikiza, Ensio akamwambia aende zake, ana harufu mbaya. Alipobaki peke yake na tela lake tupu, alikaa kwenye ukingo wake. Muda gani, hajui. Kibanda cha soseji kilishafungwa, upepo ulikuwa ukisukuma vikombe vya karatasi, na hapakuwa na mtu wa kubishana naye. Basi akafanya yale ambayo hakuyafanya kanisani wala kaburini siku ya kumzika Jarkko. Aliyafanya kwa sauti, kichwa katikati ya magoti, na alipomaliza alijipangusa macho kwa tambara la mafuta, akafunga tela nyuma ya gari, akarudi.

Uani kwake alinawa uso kwenye bomba la nje, akanawa tena. Kyllikki alikuwa kitandani, tableti aliyotazamia mbio mapajani. Ensio akasimama mlangoni akaanza kueleza kabla hajaulizwa. Amechelewa kwa sababu wenzake walimng'ang'ania. Kahawa, mkate wa iliki, Urpo akatoa ile hadithi ya swala mkubwa wa msituni aliyeingia sauna, chumba cha kuogea mvuke, wamecheka mpaka mbavu zinauma.

"Mmecheka?"

"Sana."

"Vizuri," Kyllikki akasema.

Akamkaribia ambusu kwenye paji la uso, ndipo akaiona tableti. Kokoto. Kibanda kilichofungwa. Vikombe vya karatasi vikitembea. Alidhani ni picha iliyoganda, mpaka kimoja kikabingirika kikapita juu ya alama za tairi mbili, pale tela lake lilipokuwa limesimama. Pembeni chini kulikuwa na namba ya watazamaji: mia moja na themanini.

"Hawajazima," akasema.

"Marjut amesahau. Ana mengi leo."

"Na hawa?"

"Ulipokaa walikuwa mia mbili na sita," Kyllikki akasema. "Nilikuwa naangalia namba, maana wewe nilishindwa kukuangalia. Hakutoka mtu. Mpaka ulipoinuka."

Ensio alikaa kitandani, upande usio na mrija. Kwenye kioo Marjut alipanda ngazi ya mnara, uso wake ukaja karibu sana, macho mekundu, asijue kwamba naye anaonekana. Mkono ukafunika kamera, picha ikaondoka. Kyllikki akaigeuza tableti kifudifudi.

"Sauti ilikuwa haifiki vizuri," akasema. "Yule binti ulimwambia habari ya gia?"

"Nimemwambia. Nimemwonyesha."

"Kwa goti?"

"Kwa goti."

"Lipi?"

Ensio akalisogeza la kulia, kidogo tu. Kyllikki akaweka mkono wake juu yake, akalishikilia hapo kwa nguvu zote alizobakiwa nazo, mashine ikiendelea kupuliza.