Profesa Juu ya Dungu

Siku hizi za ruksa kila kitu kinatoka nje: mitumba, redio, sabuni za kunukia. Mwaka jana, likizo ya kidato cha pili, mjomba wangu akatuletea profesa wa Kizungu, hapa kijijini kwetu Maparoni.

Mjomba ni mhadhiri wa kilimo chuo kikuu, Dar. Alitaka wanafunzi wa yule Mzungu waje kujifunza mpunga kwetu, na wa kwake waende huko kwao. Mzungu akatoa sharti moja: mhadhiri mwenyeji afundishe shambani, yeye akimwona. Akishindwa, hakuna saini. Na mjomba alikuwa ameshawaahidi wanafunzi wake safari!

Wakafika mpunga umeiva, ndege wametanda. Msimu wa kuamia ndege, yaani kuwafukuza wasimalize mpunga, kwetu hakuna cha mgeni kukaribishwa mkekani. Bibi, mama yake mjomba, akawatazama viatu vyao.

"Pandeni dunguni. Chai mtanywea huko huko."

Dungu ni kibanda cha miti kilichoinuliwa juu; ukikaa humo unaona shamba zima. Mzungu alipanda kama tumbili. Mjomba alipanda kama gunia la mpunga linalopakiwa lorini. Kufika juu, akafungua daftari, akaanza mhadhara kwa Kiingereza. Ndege nao wakaanza kula.

Mimi nilikuwa dungu la jirani. "Mjomba! Hao hawajasajiliwa darasani, wafukuze!"

"Nyamaza, mtoto huna adabu!"

Akashika kombeo, akalizungusha kwa hasira. Donge la udongo likaruka nyuma, likampata profesa kwenye kofia.

Nilicheka nusura nidondoke. Kisha nikauona uso wa mjomba, nikakoma.

Bibi akapanda, akamnyang'anya kombeo. "Kiuno kwanza, baba, ndipo mkono." Akarusha, akapiga ukelele mmoja, ndege wote juu. Profesa akauliza, mjomba akatafsiri, Bibi akajibu, mjomba akaandika. Hadi adhuhuri alikuwa anaandika tu, karatasi za mhadhara wake kazikalia.

Profesa akakubali kutia saini, ila penye jina la mwalimu akataka la Bibi. Mjomba akaandikwa msaidizi.

"Huyu msaidizi," Bibi akauliza, kidole gumba kimeshapakwa wino, "atakuja kila msimu, au ni leo tu kwa ajili ya mgeni?"

Mjomba akafunga daftari. "Nitakuja, mama."

"Haya, lete hiyo karatasi. Na hao watoto wa Kizungu waambie, kwangu kuamka ni alfajiri."