Tundu Kwenye Mkono wa Kabureta

Mama alipotoka eda alitaka jambo moja tu: kupelekwa Magoma, kwenye kaburi la baba. Nikampakia kwenye pikapu ya baba, ile kuukuu iliyobeba mahindi yetu miaka yote, tukatoka Handeni asubuhi. Hatukufika. Tulipokaribia Manundu, kwenye matuta, gari lilinguruma likaruka mbele, na mguu wangu nilikuwa nimeuegesha tu kwenye pedeli ya mafuta. Tuta la pili, vilevile. Mama akaniambia nisimame. Akashuka, akajitanda mtandio, akapanda basi la kurudi nyumbani.

"Siingii tena," alisema jioni. "Baba yako bado yumo. Mguu wake naujua."

Sikumcheka. Hata mimi nilikuwa nimeusikia mvumo ule mfupi wa ghafla. Hivyo ndivyo baba alivyokuwa akiondoka uani. Kila nilipoliwasha, kuku walikimbia kabla gari halijasogea, kama walivyomzoea yeye.

Nikaamua kulichunguza gari taratibu. Si kazi ngumu, na hata wewe ungeiweza. Pedeli ya mafuta imeungwa na rodi, fimbo nyembamba ya chuma, na rodi inakwenda kushika mkono mdogo wa chuma ubavuni mwa kabureta. Ukikanyaga, mkono unavutwa, na mvumo wa injini unapanda. Ukiachia, springi inaurudisha. Kwenye ncha ya rodi kuna nati. Ukiilegeza, unaweza kuifupisha rodi au kuirefusha. Ila wanatakiwa watu wawili, mmoja akanyage na mwingine aangalie kwenye injini. Aliyekuwa akiangalia siku zote ni baba.

Nikamwomba mama akanyage. Akakataa kuweka mguu wake pale. Alisimama nje, mlango wazi, akabonyeza pedeli kwa mchi wa kinu.

"Kidogo, mama!"

"Hicho ndicho kidogo! Nimeigusa tu. Au unataka niibembeleze?"

Kweli alikuwa ameigusa tu, lakini mkono wa kabureta ulikwenda karibu mpaka mwisho. Nilikuwa nimehangaika na nati siku kadhaa bila kuutazama mkono wenyewe. Nikaufuta grisi kwa kitambaa. Ulikuwa na matundu mawili. La nje, la kiwandani, la duara safi, lilikuwa tupu. Rodi ilikuwa kwenye tundu la ndani, karibu na mhimili ambapo mkono unazungukia, na tundu hilo halikuwa la duara. Lilitobolewa kwa mkono, likasawazishwa kwa tupa.

Sukuma mlango karibu na bawaba: ukisogea kidogo tu pale, ukingo wa mbali unakwenda mbali. Ndivyo tundu lile lilivyofanya kazi. Aliyelitoboa alitaka gari liondoke bila yeye kukunja na kunyoosha mguu.

"Mama, baba alikuwa anaumwa goti?"

"Wala." Mchi ukatulia. Kisha akasema, "Alianza kuswali kwenye kiti. Akaniambia ni mgongo."

"Mgongo haukanyagi mafuta, mama."

"Na magunia? Si alikuwa anabeba magunia mbele yangu?"

Nikaihamishia rodi kwenye tundu la nje, nikaizungusha ncha yake mpaka mkono ukafunga wote pedeli ikiachiwa, na kufunguka wote ikikanyagwa hadi chini. Nikaacha ulegevu kidogo, ili injini ikitikisika isiivute rodi. Nikakaza nati.

Mama aliegemeza mchi ukutani, akapanda, akakaa kwenye kiti cha baba. Akawasha gari, akakanyaga kwa mguu wake. Injini ikapanda polepole, ikashuka polepole, silensa ikatulia.

"Hayupo," alisema. Alivyolisema neno lile, nikadhani nimemfukuza baba, na kwamba Magoma ndiyo basi tena. Akaufuta usukani vumbi kwa ncha ya mtandio.

"Kesho tunaondoka," akasema.

Matuta ya Manundu tuliyavuka kimya. Kimya kile kilinisumbua kuliko ile miruko. Nilijikuta nautegea sikio mvumo usiokuja.

Kaburini alisimama, akajiweka sawa mtandio, na kabla hajanyanyua mikono kwa dua alisema kwa sauti ya nyumbani kabisa, "Mgongo, eh? Uliniambia mgongo."

Akangoja, kichwa kimeinama upande, kama mtu anayesikiliza uongo uleule ukirudiwa. Nami nikangoja. Kisha akafungua viganja, tukaanza.