Chupa ya Bi Zuhura Iliyosubiri Harusi

Enzi zetu pale Sumbawanga, harusi ya mtaani tuliijua kwa pua kabla ya macho. Ulikuwa unatoka kuteka maji, baridi ya asubuhi imekung'ang'ania masikioni, mara unakutana na harufu isiyo ya moshi, wala ya dagaa wa Kirando, wala ya ulezi ulioanikwa uani. Ilikuwa tamu na nzito kidogo. Basi tulitua ndoo palepale tukatimua mbio, kwa sababu Bi Zuhura alikuwa amefungua chupa yake na kuna dada yetu anaolewa.

Bi Zuhura alikuwa jirani yetu, mke wa Mzee Hamdani mwenye duka la vitambaa. Sisi tulikuwa Wakatoliki, baba akilima mahindi na ulezi nje kidogo ya mji; wao walikuwa Waislamu wa biashara. Chupa ile haikuuliza mtu anasali wapi. Kila binti wa mtaa wetu, asubuhi ya harusi yake, alipitishwa kwanza kwa Bi Zuhura na kukalishwa mkekani. Bi Zuhura alichomoa kizibo cha kioo, akamgusa nacho nyuma ya masikio, chini ya koo na kwenye vifundo vya mikono, kisha akamwambia maneno yaleyale: “Nenda ukanukie kwako.” Hapo mama wa bibi harusi ilikuwa lazima alie. Mama yangu alilia hata kwa mabinti ambao hakuwapenda.

Yalikuwa manukato ya Kifaransa. Mzee Hamdani alikuwa akivuka ziwa kwenda Kongo kibiashara, na huko ndiko alikonunua chupa mbili zinazofanana kutoka kwa mama mmoja wa Kibelgiji aliyekuwa akifunga nyumba arudi kwao. Zilikuwa na mabega mapana na shingo fupi, na kizibo kilichongwa mfano wa ua ambalo halijachanua. Yule mama alimpa na habari zake, naye Mzee Hamdani akatuhadithia sisi watoto kila tulipomkuta hana wateja. Alisema zamani huko Ufaransa wauza manukato walitia mali yao kwenye vichupa vya kawaida tu kama vya dawa, mnunuzi akaenda kuyamimina kwenye chombo chake kizuri nyumbani. Baadaye mafundi wa manukato wakaelewana na mafundi wa kioo, na kuanzia hapo kila harufu ikawa na chupa yake iliyobuniwa kwa ajili yake. Kuna mji wa kusini, alisema, ambako watu wanalima asmini na waridi, na wanawake wanachuma maua alfajiri kabla jua halijayachosha. Tulimsikiliza kwa adabu huku tukimwona mwongo. Watu wazima walime maua, mahindi walimiwe na nani?

Hata hivyo tulijaribu. Tulichuma maua ya porini na majani ya mlimao, tukayatwanga kwa jiwe, tukayatia kwenye vichupa vya sindano vilivyookotwa nyuma ya zahanati, tukavifukia ardhini ili viive. Tulipovifukua vilinuka kama maji ya bwawa. Tulijipaka vivyo hivyo tukaenda shule, na mwalimu wetu, pamoja na baridi yote ile ya Ufipa, alifungua madirisha.

Mimi ndiye niliyekuwa binti mdogo kuliko wote mtaani, na ndiye niliyempangusia Bi Zuhura kabati lake la vyombo. Kila harusi ikipita naona manukato yanashuka. Siku moja nikashindwa kuvumilia, nikaangua kilio kwamba zamu yangu itakuta chupa tupu. Bi Zuhura akafungua sanduku lake la nguo, akatoa chupa ya pili, ikiwa bado ndani ya boksi lake, shingo imevikwa ngozi nyembamba na kufungwa kwa uzi wa rangi ya dhahabu.

“Nyamaza, Filomena. Ile wataimaliza dada zako. Hii ni ya kwako, na haifunguliwi mpaka siku yako ifike.”

Jioni ile tulipokuwa tunacheza rede nilikuwa sitazamiki kwa maringo. Nilimwambia kila mtu.

Dada zangu wakaolewa mmoja baada ya mwingine. Chupa ya kwanza ikakauka kwenye harusi ya Skola, rafiki yangu niliyelingana naye darasa, ambaye kwa kweli aliguswa kwa unyevu tu uliobaki kwenye kizibo. Ikabaki zamu yangu. Mimi nikawa mwalimu, nikafundisha Kaoze, kisha Mwimbi, na huko Mwimbi kulikuwa na mtu aliyefika hadi kuleta barua ya posa, halafu akaoa kwingine. Wengine walikuja wakaondoka bila hata barua. Nilipohamishiwa tena Sumbawanga nilikuwa nimeshaacha kusubiri, ila chupa ilikuwa bado inasubiri. Kila nilipokwenda kumwamkia Bi Zuhura nilikaa nikiwa nimelipa mgongo lile sanduku. Hakuniuliza hata siku moja, na huko kutoulizwa kuliniuma vilevile.

Mwaka huu ndipo mjukuu wake, Rehema, alipoliona boksi. Rehema anauza pafyumu kwa simu. Vijana wa siku hizi wanajipulizia kama wanaua mbu. Akipita mlangoni kwako, chai inabadilika ladha. Lakini ni mtoto mzuri, ana mchumba wake, na kazi yake anaijua. Alikuja kunifuata shuleni.

“Ma'mdogo, shikamoo. Bibi anakuita. Ile chupa si ya mchezo!”

Nilimkuta Bi Zuhura kitini, blanketi magotini. Uzee umemwondolea nguvu za miguu, akili iko palepale. Rehema akatufungulia simu na kutusomesha. Akageuza chupa akatuonyesha namba iliyochorwa kitakoni, akasema iko nyingine kama hiyo kwenye kizibo, kwa kuwa kila kizibo kilisuguliwa kikae kwenye shingo moja tu. Ile ngozi ni utumbo wa ng'ombe uliokwanguliwa. Yapo na yale mashamba ya asmini, kumbe Mzee Hamdani, Mungu amrehemu, hakuwa mwongo. Na wapo watu huko nje wanaokusanya chupa za namna hii na kuzipanga kwenye makabati ya vioo. Tupu wanaitaka, yenye boksi wanaitaka zaidi, na ambayo uzi wake haujakatwa inawatoa roho. Mmoja alikuwa ameshaandika kuitaka, kwa sharti kwamba isifunguliwe.

“Nimemwambia mwenye chupa ni wewe,” akasema Bi Zuhura. “Sema.”

Nilitaka kusema iuzwe. Nilitaka iondoke kwenye nyumba ile, iende ikakae Ulaya ambako hakuna anayejua ilikuwa ikimsubiri Filomena. Mdomo ulikuwa umeshafunguka, Rehema akasema bila ubaya wowote, “Yaani uzuri wake ni kwamba haijawahi kutumika.”

Hasira iliyonipanda siwezi kuieleza. Niliitazama ile chupa, nzuri, imejaa, imefungwa, imeogopwa miaka yote hiyo kana kwamba ina kosa.

“Lete wembe,” nikasema.

Rehema akaziba mdomo kwa mkono. Bi Zuhura akacheka mpaka akakohoa.

Uzi niliukata mwenyewe. Kizibo kiligoma, tukakizungushia kitambaa cha maji ya moto mpaka kikalegea. Harufu ya kwanza ilitoka chachu, kama limao lililosahauliwa, nikajua imeharibika. Kisha ikatulia, na nyuma yake ikaja ile yenyewe, ile ya ndoo na mbio na mama akilia. Rehema anasema manukato huuawa na joto na mwanga, kwa hiyo baridi yetu na giza la sanduku ndivyo vilivyoyaokoa.

Bi Zuhura akanivuta karibu. Mkono wake bado uliijua njia: nyuma ya masikio, chini ya koo, kwenye vifundo vya mikono. “Nenda ukanukie kwako,” akaniambia. Mama yangu hayupo tena, ikabidi nilie mwenyewe. Nina nyumba niliyoijenga kwa mshahara wa ualimu, na miaka yote hiyo sikuwahi kudhani kwamba neno lile lingeweza kuwa linaisema nyumba yangu.

Kwenye kona nilimkuta Skola na karai lake la maandazi. Akainua pua. “Nani anaolewa?”

“Hakuna. Nakwenda kwangu.”

Akanishika mkono, akaunusa amefumba macho, na maandazi yakaungua.

Siku hizi harusi hutangazwa kwa spika na msafara wa magari, na kila bibi harusi ana pafyumu yake aliyojinunulia na kujipulizia peke yake mbele ya kioo. Ananukia vizuri, sikatai, ila hakuna aliyemgusa. Yule mtu wa kabati la vioo hakuandika tena. Chupa iko kwangu, uzi umekatwa, na manukato yameanza kushuka. Rehema anaolewa baada ya mavuno. Nimeshamwambia asubuhi hiyo aanzie kwangu.